Ngazi za Makoroboi

Basi lilinishusha stendi ya Nyegezi saa nne za usiku, baada ya kunikalisha saa kumi na sita tangu Dar es Salaam, na mtu wa kwanza kusema nami Mwanza alinitwika mzigo. Alikuwa mama wa makamo, kajitanda khanga, mkononi ndoo ya plastiki iliyofungwa mfuniko kwa kamba. "Dada, nishikie, naingia chooni." Hakungoja nijibu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa nikionywa kwamba mzigo wa stendi ni wa mwenyewe, usiupokee hata akikuapia. Nikabaki nimesimama, mkono mmoja kwenye begi langu, mwingine kwenye ndoo ya mtu, macho yakimtafuta askari. Zikapita dakika ishirini. Aliporudi alifungua mfuniko, akanitolea vipande vitatu vya matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama kwato. Akasema "Wabeja," akaenda zake.

Nilikuwa nimekuja kwa mkataba wa miezi mitano, kazi ya kuhamishia daftari chakavu za ofisi moja kwenye kompyuta. Wenzangu kazini walinishauri nipange Buhongwa au Nyamhongolo, kwenye nyumba mpya zenye geti na tangi la maji. "Mjini kati watu hawaishi," mmoja aliniambia, "wanauza tu." Dalali, ambaye angepata kodi ya mwezi mmoja nikikubali chochote, alinizungusha vyumba vinne kwa siku moja. Cha nne kilikuwa Makoroboi, ghorofani, juu ya safu ya maduka, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo hata kama ningekaa mitano. Nililipa. Chumba kilikuwa na dari ndefu, dirisha la mbao lenye vibao vya mshazari, na roshani nyembamba ambayo mtu mnene angeingia ubavuubavu. Ukisimama pale, upande mmoja unaona hekalu la Wahindu, upande mwingine mlima wa mawe uliopandwa nyumba mpaka kileleni, na mwisho wa mtaa, katikati ya nyaya za umeme, kipande cha ziwa kisichozidi upana wa kitambaa cha mkono.

Wageni wa Mwanza hukimbilia Jiwe la Bismarck kupiga picha. Nami nilikimbilia, nikapiga, nikarudi. Ni jiwe juu ya jiwe, zuri, na limo kwenye kila kalenda. Sina la kuongeza.

Mitaa ya mjini kati ndiyo iliyonishika. Majina yake yanasomeka kama orodha ya misiba ya Afrika. Lumumba wa Kongo aliuawa Januari 1961. Rwagasore, mwana wa mfalme wa Burundi aliyekuwa waziri mkuu kwa wiki chache tu, alipigwa risasi Oktoba mwaka huohuo. Balewa wa Nigeria alikufa kwenye mapinduzi ya Januari 1966. Katikati yao zimepita barabara za Kenyatta na Nyerere, waliojaliwa kufa vitandani. Mimi nilinunua nyanya Lumumba na kushonesha viatu Rwagasore. Nilimuuliza fundi viatu Rwagasore alikuwa nani. Alitafuta uzi mdomoni, akafikiri, akasema: "Nadhani diwani wa zamani." Na kwenye mnara wa saa kuna kibao kinachosema kwamba kutoka kilima cha Isamilo, tarehe 3 Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza Speke aliliona ziwa hili. Dada aliyeketi chini yake akiuza vocha aliniambia yuko pale miaka tisa na hajawahi kukisoma, kwa sababu anakipa mgongo.

Mji wenyewe, kama mji wa serikali, una umri wa tangu 1892, Wajerumani walipoweka boma lao hapa. Reli ya kutoka Tabora ilifika 1928. Reli ilipofika, pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam, na pamba ndiyo iliyojenga maghorofa niliyokuwa nayaona kutoka roshani yangu: maua ya saruji juu ya milango, nguzo zilizopigwa rangi juu ya rangi, na kwenye paji la kila jengo mwaka wake. La mbele yangu liliandikwa 1938. Juu ya mwaka palikuwa na jina, lakini chokaa ya miaka mingi ilikuwa imelifukia, ukabaki mwinuko tu wa herufi, kama kovu.

Aliyenisomea jina lile ni mzee wa dukani chini yangu. Alikuwa akiuza vipuri vya cherehani: sindano, mikanda, bobini, mafuta ya kulainisha katika vichupa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Cherehani, nami nikamwita hivyo. Kigujarati alizungumza kwenye simu na Kiswahili dukani, lakini akiingia mama kutoka Magu au Misungwi aligeuka Msukuma. "Mwangaluka!" angesema, na mama angeitikia akiinama kidogo kwa heshima kabla hajashtuka kuona anayesalimiana naye ni nani. Wote wawili wangecheka. Wateja wa mara ya pili hawakushtuka tena. Walileta habari za mvua na ng'ombe, na bei ya sindano ilikuja mwisho kabisa.

Jina lililofukiwa lilikuwa la baba yake. Jengo la 1938 lilikuwa lao mpaka Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Lao lilikuwa na miaka 33. Kaka zake wakaenda Leicester na Toronto. Yeye alibaki kwa sababu mama yake aligoma kupanda ndege, na mama alipofariki yeye alishazoea. Sasa anapanga duka katika jengo la mtu mwingine, na kila asubuhi akiinua shata macho yake yanakutana na nyumba ya baba yake ng'ambo ya mtaa.

"Mzee, huumii?" nilimuuliza siku moja, tukinywa kahawa na kashata kwenye kibaraza chake. Swali la kitoto, najua.

Alichelewa kujibu. "Binti, baba alikuwa ananunua pamba. Mkulima aliyepimiwa pamba yake na baba naye ana maumivu yake. Mizani ile mimi sikuishika, lakini wali wake nimeula."

Sikuwa nimetarajia hayo kutoka kwake. Malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani ndiyo yaliyowakusanya wakulima wa Usukuma kwenye vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mbele yao, mpaka miaka ya 1950 likaundwa Shirikisho la Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika wakati ule. Nimesoma hayo kwenye vitabu. Sikuwahi kuyasikia kutoka kwa mtoto wa mwenye mizani, akiyasema huku anapuliza kahawa.

Jioni za Makoroboi zina shughuli yake. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu, korido ya chini na ngazi zote hadi mlangoni kwangu zilijaa salfeti za wafanyabiashara wadogo: mitumba, vyombo, viatu vya watoto, chaja za simu. Mizigo ilikuja mabegani na kwenye mikokoteni, ikapangwa, na kila mwenye mzigo alimpa mlinzi shilingi 500. Hapakuwa na risiti wala daftari. Alama ilikuwa fundo la kamba. Kila mtu na fundo lake, na mlinzi, mzee wa kutoka Tarime aliyevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, aliyajua yote kwa vidole hata umeme ukikatika. Wamachinga wa Mwanza wamezoea kuhamahama. Desemba 2016 Rais Magufuli alisimamisha zoezi la kuwaondoa katikati ya mji. Mwaka 2021 wakapangwa upya nchi nzima, na waliokuwa barabarani wakapelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Meza zinahama, lakini usiku mzigo lazima ulale mahali, na mtu anayelala mbali, juu kule Mabatini, hawezi kupanda nao mlima kila siku. Kwa hiyo unalala kwa wenye ngazi.

Nilijifunza kupanda ngazi zile gizani kama mbuzi, kwa kupapasa. Wiki ya tatu nikakosea. Nilikanyaga salfeti, kikasikika kishindo kinachojulikana kwa kila lugha. Ilikuwa mizigo ya kijana muuza sahani za udongo. Sikulala vizuri, nilijua bei ya sahani mjini na nilijua mshahara wangu. Asubuhi alifungua salfeti mbele yangu na mbele ya mlinzi, akatoa moja moja, akaziweka chini kama mtu anayepanga karata. "Zimevunjika sita," alisema. Nikafungua pochi. Akaniwekea kiganja. "Dada, utalipa tano. Hii moja ilikuwa na ufa tangu juzi."

Kuanzia siku ile nikaacha kulala nimefunga mlango kwa makomeo mawili.

Jina la Makoroboi linatokana na koroboi, kibatari cha mafuta ya taa kinachotengenezwa kwa kopo. Mafundi bati waliokuwa wakikusanya makopo na vyuma chakavu hapa ndio walioupa mtaa jina, na wachache wao wapo bado. Mmoja alifanya kazi uchochoroni nyuma ya jengo letu, akitumia kipande cha reli kama fuawe. Sikuuliza amekitoa wapi. Siku hizi riziki yake ni masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, majiko ya mkaa na makeni ya kumwagilia bustani. Nilimwomba anitengenezee koroboi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuandika barua kwa wino. Akachukua kopo la nyanya, akalikung'uta, akatoboa mfuniko kwa msumari. Kutoka kwenye ukingo wa bati jingine alikata ukanda mwembamba, akauviringisha kwenye waya ukawa kijibomba, akakipitisha kwenye tundu na kukichomelea kwa tone la risasi. Sikio la kushikia akalikunja kwa kidole gumba. Utambi aliuchana kutoka kwenye fulana iliyokuwa begani mwake, akaivaa tena begani ikiwa fupi. Haikuchukua dakika kumi. "Nipe buku," alisema. Nikamuuliza nani hununua siku hizi. "Wakaanga samaki wa usiku. Na wewe."

Kwetu pwani mvuvi huhesabu mwezi kwa bamvua na maji mafu. Ziwa halina kupwa wala kujaa kwa kuonekana, nikadhani basi mwezi huku ni pambo tu. Kumbe mjini kati ndiko unakoweza kuuhesabu vizuri kuliko popote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo ni taa za jua na betri. Nilipopanda juu ya paa na majirani usiku usio na mwezi, tuliona mstari wa mianga mbali kule majini kama mji wa pili, na asubuhi mitaa ilikuwa myepesi. Mwezi ukikua, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika siku kumi hivi, na vijana wa visiwani wanashuka mjini. Hapo ndipo madirisha yetu yalipokosa usingizi. Walinunua nyavu, kamba, betri, jezi, wakatengeneza simu, wakala chipsi kuku saa nane za usiku na kujadili Pamba Jiji kama vile timu ile ni shamba la ukoo. Wakirudi Ukerewe na Ukara waliacha vitu: begi kwa muuza nyavu, simu kwa fundi, pesa kwa mama ntilie. "Nitapitia giza likija," walisema, nalo hilo lilikuwa tarehe tosha.

Mvua za vuli zilinipa ubaya wa mtaa. Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji ukibeba kila kinachotupwa, ulifura mchana mmoja, maji meusi yakaingia korido ya chini mpaka ngazi ya tatu. Walioacha mizigo hawakuwepo. Sisi tuliokuwepo, mwanafunzi wa uuguzi wa Bugando, mama wa Kihaya aliyeuza senene na kahawa, mshona suti aliyetoka Bujumbura, Mzee Cherehani na suruali aliyoikunja magotini, tulipitishiana salfeti mkono kwa mkono hadi roshani yangu. Chumba changu kilinuka viatu vya mpira kwa wiki nzima.

Siku ile ya mafuriko ndipo nilipoombwa kuteremsha cherehani.

Ilikuwa kwenye shelfu ya juu kabisa dukani, nyeusi, ya mkono, imefunikwa gunia safi. Mzee aliogopa unyevu. Nilipoishusha aliifuta kwa kitambaa, akaweka tone la mafuta kwenye kila tundu, akazungusha gurudumu mara moja. Iliitika bila kukwama. Shingoni ilifungwa kadi iliyobadilika rangi ikawa kama chai. Juu yake: jina la mwanamke, neno Bukoba, neno "bobini", na chini kabisa, "Mei".

Nilisoma, nikamtazama.

"Aliacha mwenyewe hapa dukani. Alisema atarudi na meli mwezi wa tano, aichukue."

"Mwaka gani?"

"Tisini na sita."

MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Wengi walizikwa Igoma, barabara ya kwenda Musoma. Kwa nilivyofundishwa shuleni ilikuwa hesabu na tarehe. Nilimuuliza mzee kama alitafuta jina la mwanamke yule kwenye orodha ya abiria.

"Nilitafuta. Halikuwemo. Lakini orodha ile ilikuwa na watu wachache kuliko meli." Akaifunika gunia. "Huenda hakupanda. Huenda aliolewa akaenda Kampala. Huenda alinunua nyingine. Nirudishie juu, binti, polepole."

Kwa nini hakuandika mwaka kwenye kadi? Hilo nililiuliza baadaye, tukiwa tunakausha sakafu, kwa sababu kazi yangu ni daftari na daftari isiyo na mwaka huniwasha. Alinijibu kama anayemweleza mtoto: kitu cha kufuatwa baada ya wiki tatu, nani atakiandikia mwaka?

Mkataba wangu uliisha Februari. Kodi ilikuwa imebaki mwezi mmoja, na mwenye nyumba, kama nilivyotegemea, hakurudisha hata senti. Ofisi ilidokeza kwamba huenda nikaitwa tena kumalizia daftari za miaka ya 1960. Nilikuwa na godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa na koroboi langu, vitu ambavyo kupanda navyo basi la Dar es Salaam ni kujitafutia ugomvi na kondakta. Mama wa kahawa aliniambia niuze. Mlinzi aliniambia niache ngazini, atanifungia fundo langu mwenyewe. Mzee Cherehani hakuniambia kitu. Alisogeza maboksi ya mikanda nyuma ya duka, akapima kwa macho, akaita vijana wawili wabebe.

Godoro liliviringishwa likafungwa kamba. Vingine viliwekwa ndani ya ndoo. Koroboi nilitaka kusafiri nalo, lakini lilikuwa bado linanuka mafuta ya taa, nikaliacha nalo. Mzee alitoa kadi kwenye droo, nyeupe, akaichana katikati kubana matumizi, akatafuta kalamu inayoandika.

"Utarudi lini?"

"Wakiniita, mwezi wa sita, mzee."

Aliandika jina langu kwa herufi kubwa. Akaandika Tanga. Akaandika "godoro, ndoo 2, jiko, koroboi". Chini yake akaandika "Juni", akapuliza wino, akaifunga kadi kwenye kamba ya godoro kwa mafundo mawili. Nje, kondakta wa daladala ya Nyegezi alikuwa anapiga ubavu wa gari kwa kiganja.